Zamu ya Kupanda Basi

Kila Jumanne, mvua inyeshe au theluji ianguke, mimi na mzee wa Kihindi niliyekuwa nikimtunza Inver Grove Heights, huku Marekani, tulivaa makoti, tukatoka nje na kupanda basi kwenda mahali ambapo hatukuwa na shughuli yoyote. Tulifika katikati ya Saint Paul, tukashuka, tukavuka barabara, tukangoja basi la kurudi, tukarudi. Gari langu lilikuwa limeegeshwa mlangoni kwao, lina mafuta na hita inayofanya kazi. Nilipomsimulia dada yangu aliyeko Nakuru alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa wewe uko na gari na unapanda basi ya kwenda nowhere?" aliniuliza. "Na hao watu wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Basi nyamaza, upande."

Kazi ile sikuitaka. Ninaishi Coon Rapids, na kuvuka mji mzima kila asubuhi wakati barabara zimeganda si mchezo. Lakini kampuni iliyoniajiri ilikuwa imeishiwa na watu, na mimi nilikuwa nimeishiwa na visingizio. Waliniambia ni mzee aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, anaishi na bintiye na mkwewe, Kiingereza chake ni kidogo sana, tutumie ishara.

Binti mwenyewe alikuwa mtoto wake wa pekee, mhandisi, mama wa haraka haraka anayekunywa chai akiwa amesimama. Alinieleza kwamba baba yake alikuja kutembea tu wakati wa kiangazi, moyo ukamgomea hukuhuku Marekani, akapasuliwa, na sasa daktari amemkataza kupanda ndege mpaka apate nguvu. Mama yake alibaki kijijini. Hakutaka kuja. Alikuwa na mifugo, alikuwa na taa ya kuwasha mbele ya miungu wao, na alikuwa na sababu nyingine ambayo binti hakuijua, wala mimi sikuijua bado.

Wiki ya kwanza mzee hakunisemesha. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha kubwa la sebuleni na kunitazama nikifagia. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakoroga uji wake wa shayiri, simu nimeibana kati ya sikio na bega, namlalamikia dada yangu.

"Huyu mzee ananiangalia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe," nikamwambia.

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Mama, mimi hapana ng'ombe. Mimi iko nyati."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama mlangoni ameshika fimbo yake, na uso wake wote unacheka. Nyati aliowazungumzia ni wale wa kufugwa, wa maziwa. Alikuwa nao wawili. Kiswahili alikipata Kisumu. Alipelekwa huko akiwa kijana kumsaidia mjomba wake kuuza bati, misumari na mablanketi, akakaa mpaka ndevu zikajaa, ndipo baba yake akamwita nyumbani kuoa. Hakurudi tena Kisumu. Kiswahili chake kilibaki vilevile kilivyokuwa dukani, kile ambacho mama yangu alikuwa akikiiga jioni ili tucheke. Sikujua kwamba siku moja kingeniliza, tena mbele ya sufuria ya uji.

Baada ya hapo hatukunyamaza tena. Yeye aliniita Mama, mimi nikamwita Mzee. Binti yake alikuwa akirudi jioni anatukuta tunacheka, anauliza kwa Kiingereza, "Amesema nini?" Nilikuwa namweleza, lakini mzaha ukishaelezwa huwa umepoa. Yeye alimjua baba yake kama mtu asiyesema. Nadhani ilimwuma kidogo, na sikumlaumu.

Kijiji chake kiko upande wa Kutch, magharibi mwa India, walikotoka Wahindi wengi wa kwetu. Alinichorea kwa kidole juu ya meza. Hapa hekalu, hapa bwawa, hapa barabara. Nyumba zilikuwa nyingi na nzuri, za mawe, za ghorofa, zilizojengwa kwa pesa za Nairobi, za Uingereza na za kwingineko, na karibu zote zilikuwa zimefungwa kwa kufuli. Wenyewe walikuja wakati wa harusi, wakafagia, wakapiga picha, wakafunga tena. Shule ya kijiji iliwahi kuwa na watoto wa kupigana mawe. Sasa mwalimu aliwaweka wote chumba kimoja.

"Nyumba iko," alisema. "Watu hapana."

Kutoka kijijini mpaka barabara kuu ni mwendo wa kumtoa jasho mtu mwenye afya. Basi la serikali lilikuwa likikata kona kuingia kijijini asubuhi, likachukua watu kwenda mjini, likawarudisha jioni. Kisha wakubwa wa mabasi wakaja, wakatazama viti vitupu, wakasema kwamba hali ikiendelea hivyo basi halitaingia tena kijijini, litapita moja kwa moja kwenye lami. Kama mtu anataka kusafiri, na atembee.

Wazee wa kijiji walikaa kikao. Hawakuandamana wala hawakwenda kumlilia mheshimiwa. Walipanga zamu. Kila nyumba yenye mtu anayepumua ilipewa siku yake ya kupanda basi kwenda mjini na kurudi, awe na safari au asiwe nayo, ili kondakta akate tiketi na basi lionekane lina abiria. Nyumba ya mzee ilipewa Jumanne.

"Ulikuwa unafanya nini mjini?" nilimwuliza.

"Kunywa chai. Halafu kinyozi."

Nilitazama kichwa chake. Hakikuwa na nywele za kumpeleka mtu kwa kinyozi kila wiki. Alinielewa, akacheka. Kinyozi alikuwa rafiki yake. Alimpa gazeti, akawa anakata hewa juu ya kichwa chake, chwa chwa chwa, mpaka saa ya basi. Na kwa kuwa mwanamume harudi nyumbani mikono mitupu, alikuwa ananunua kiberiti. Mke wake alikuwa na debe zima la viberiti na aligomba kila Jumanne.

Nilimwambia huo ni wazimu wa kijiji kizima. Hakukasirika. Akanieleza kwamba pembezoni mwa kijiji kulikuwa na nyumba za udongo, za watu wanaolima vibarua. Hao ndio waliokuwa na haja ya basi kweli: kupeleka mboga sokoni, kwenda zahanati, wasichana wao kwenda sekondari mjini. Lakini walikuwa wachache, hawawezi kulijaza.

"Basi ya wao," alisema. "Sisi nasaidia tu."

Sasa fikiria mtu huyo umkalishe mbele ya dirisha Inver Grove Heights. Nyumba ya binti yake ilitazama barabara, na barabara hiyo ilikuwa na basi. Likipita, ni dereva peke yake na taa za ndani zinawaka. Mtaani kwao kila mtu ana gari, wengine matatu, na asiye na gari haonekani. Mzee aliliona basi tupu likipita asubuhi, akaliona mchana, na nikaona kabisa kwamba linamsumbua. Aliacha kula vizuri. Siku moja nilitoka kufua nikamkuta amevaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto, kofia ya mkwewe kichwani.

"Mama, twende. Hii basi nakufa."

Nilimweleza. Mzee, hapa ni Marekani, hapa wana bajeti, wana ofisi nzima ya kupanga mabasi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniambia hata kwao kulikuwa na ofisi nzima.

Binti yake alikubali kwa sababu daktari alitaka mzee atembee. Hatukumweleza habari ya zamu, mzee aliniambia, "Yeye nacheka." Kwa hiyo binti alidhani baba yake anapenda kutazama mji. Siku zetu zikawa Jumanne, mzee hakutaka siku nyingine. Dereva alikuwa mwanamke mnene mwenye heleni kubwa, na baada ya mara chache akawa anatushushia ngazi kabla hatujamfikia. Mzee alikuwa na mahali pake: kiti cha katikati, dirishani. Sio mbele kwa wazee, nilipotaka akae. Alitaka mtu aliye njiani aone kwamba ndani kuna mtu. Nami aliniketisha ng'ambo, dirisha la upande wa pili, ili tusionekane upande mmoja tu. Tulikaa hivyo, kila mtu na kioo chake, mto wa Mississippi ukipita chini na barafu kingoni mwake, mimi najiuliza kama nimesoma kozi ya uuguzi ili niwe pambo la dirisha la basi. Halafu nikazoea. Halafu, niseme ukweli, nikawa nazingoja Jumanne.

Kabla ya kutoka kulikuwa na simu ya mkewe. Asubuhi yetu ni jioni yao; alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi, kwa maana tangu mume aondoke, zamu ya nyumba ilikuwa yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake nyingine ya kutokuja Marekani. Alikuwa mama mwembamba, ncha ya sari kichwani, na aliileta simu karibu mno mpaka tukaona jicho moja na pua. Aliniambia "Jambo, Mama," neno pekee la Kiswahili alilofundishwa na mumewe katika ndoa nzima. Kisha alikuwa anaiinua tiketi na kuibandika kwenye kamera. Mzee aliisoma kama mtu anayekagua noti. Alimwuliza nani alikuwa ndani ya basi, naye akamtajia mmoja mmoja. Walipomaliza, mzee alisimama kutafuta koti lake. Zamu ya mkewe imekwisha, yetu inaanza.

Nilimwonea wivu mama yule, kama unaweza kumwonea wivu bibi kizee mwenye magoti mabaya. Sijawahi kungojwa na mtu hivyo.

Nami nilikuwa na mama yangu kule kwetu, kwenye kilima ambako mvua ikinyesha hata pikipiki inaomba msamaha. Watoto wake wote tuko mbali. Vijana wa jirani zake wako Nairobi, wako Qatar, wako huku. Aliniambia kwaya ya kanisa imebaki sauti za wanawake wazee tu, hakuna wa kuimba besi. Alilisema kwa kucheka na mimi nikacheka, tukaagana, nikakaa ndani ya gari pale kwenye maegesho ya nyumbani kwangu Coon Rapids nikashindwa kuwasha injini. Mzee aliponisimulia kufuli za kijiji chake, sikuhitaji ramani.

Kila tulipokwenda kwa daktari, mzee alikuwa na swali moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani: lini atarudi nyumbani? Daktari alikuwa mtu mpole. Alisikiliza kifua, akatazama karatasi zake, akasema bado. Mzee alifunga vifungo vya shati na kusema kwa Kiswahili, "Mke naumwa magoti. Zamu ni ya mimi." Hilo sikulitafsiri kila mara. Daktari angelifanyia nini?

Magoti yalikuwa yanaumwa kweli, kwa sababu zamu zilikuwa zinarudi upesi. Mjane mmoja alichukuliwa na mwanawe kwenda mji mkubwa. Nyumba ikafungwa, siku yake ikagawiwa wengine. Kisha mzee mwingine akafa. Mke wa mzee akawa anapanda Jumanne na Ijumaa, kisha na siku nyingine tena. Kwenye simu tulimwona akijisugua magoti na huku anacheka, anatuonyesha tiketi tatu zilizopangwa kama karata. Mzee hakucheka.

Asubuhi moja binti alikuwa nyumbani ana mafua. Alishuka ngazi amejifunga blanketi, akamkuta mama yake kwenye simu na tiketi mkononi, akauliza ni tiketi za nini. Waliongea lugha yao, lakini ugomvi wa nyumbani hauhitaji mkalimani. Binti alipiga kelele, kisha akalia. Aligeuka kwangu akaniuliza kwa Kiingereza kama nilijua kwamba mama yake, na magoti yale, anarushwarushwa kwenye basi la serikali siku tatu kwa wiki kwenda mjini kutofanya chochote. Nilijua. Nikasema najua. Aliniangalia vibaya, na mimi nikamwangalia.

Alifanya alichofanya mtoto yeyote mwenye mapenzi na mshahara. Alitafuta mtu mwenye gari katika kijiji cha pili, wakapatana, awe anampeleka mama popote atakapo, wakati wowote. Mama alikatazwa kabisa kupanda basi. Nisingemlaumu, mimi mwenyewe nimemwekea mama yangu kijana wa pikipiki kwa mtindo huohuo na najisikia mtoto mwema. Watoto wengine wa kijiji kile walio ng'ambo wakasikia katika kundi lao la simu, wakaona ni wazo zuri, kila mmoja akamtafutia mzazi wake gari. Haikupita muda, zamu zikafa. Hakuna aliyezivunja. Wazee walitii watoto wao tu.

Jumanne iliyofuata mke wa mzee alikuja kwenye simu mikono mitupu. Alimwambia mumewe kwamba ndani ya gari kuna upepo wa baridi na dereva anapiga nyimbo za ibada. Alikuwa akijaribu kumfurahisha. Mzee aliuliza habari ya basi. Mkewe akatazama pembeni.

Kule basi likaacha kukata kona kuingia kijijini. Sisi tuliendelea na letu, lakini mzee alikaa dirishani amekunja uso, anapanda kwa hasira, kama mtu anayemlipia mwenzake deni. Mke wake alimpa habari kidogo kidogo. Wasichana wa nyumba za udongo wameacha sekondari. Halafu: baba zao wameona mboga zinaozea shambani, wamehama na familia zao wakapange chumba karibu na mji. Halafu nyumba za udongo zote zimebaki na mbuzi. Mzee alinitafsiria kila moja. Alisema zile ndizo zilizokuwa na vijana.

Theluji ilipoanza kuyeyuka daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida na hakusema bado. Alisema tumfanyie kipimo kimoja cha mwisho, kikiwa sawa mzee ataruka. Binti alikata tiketi ya ndege siku hiyohiyo, ya kuweza kubadilishwa. Nilimpeleka mzee dukani Woodbury, akamchagulia mkewe mikanda ya magoti, akaijaribu mwenyewe juu ya suruali mbele ya watu, anachuchumaa na kuinuka. Watu walitutazama. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Asubuhi ya wiki iliyofuata nilipofika binti alifungua mlango kabla sijabisha. Nywele zake hazikuchanwa. Mama yake amefariki, alisema. Nilimkumbatia palepale mlangoni, koti langu likiwa bado na baridi ya nje.

Aliniambia walivyosimuliwa. Kifua kilimbana mama yake asubuhi ya kule. Jirani alimpigia mwenye gari. Alikuwa amekodiwa kubeba watu wa harusi, yuko mbali. Wakaita gari la wagonjwa, likawa linatoka mjini. Mama akasema apelekwe kwenye benchi pale basi lilipokuwa likisimama, ili gari lisije likapotea katikati ya nyumba zilizofungwa likimtafuta. Jirani akamshika mkono wakaenda polepole. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji. Maji yalipofika alikuwa amekwisha.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Simu ilikuwa imeegemezwa mezani mbele yake, imewashwa, lakini sikuitazama. Nilipiga magoti nikamshika mikono, nikamwambia tunachoambiana sisi. Kwetu mtu akifiwa nyumbani tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu, Coon Rapids au Brooklyn Park, chai na chapati, sala, watu wanachanga, tiketi inapatikana. Na marehemu yuko mochwari anangoja. Atangoja wiki, atangoja hata zaidi, mpaka mtoto wa mwisho ashuke uwanja wa ndege. Hatuziki mtu kabla wake hawajamwona. Ndivyo nilivyolelewa, sikujua kwamba kuna namna nyingine.

"Mzee, usiwe na wasiwasi," nilisema. "Watakungoja. Ndege ya leo jioni nitaitafuta mimi mwenyewe. Daktari nitampigia. Watakungoja."

Na nikatoa simu yangu nikaanza kutafuta ndege. Nilikuwa nimeanza kweli, naandika jina la mji.

"Mama," alisema. "Sisi hapana ngoja."

Binti alisema kwa sauti ndogo, "Ni sasa. Kabla jua halijazama kule. Tazama."

Ndipo nikaitazama ile simu ya mezani. Ulikuwa ua wa nyumba, vumbi la jioni. Mama yule alikuwa amelazwa juu ya machela ya mianzi, amefunikwa nguo na maua, uso tu unaonekana. Uso mzima, tulikuwa tumezoea jicho na pua. Mpwa wa mzee, aliyekuja kwa pikipiki kutoka mji mwingine, ndiye aliyeshika simu. Wanawake walikuwa wanalia. Kila kitu kilikuwa tayari na hakuna aliyekuwa anaondoka.

Sikuelewa. Nikamwuliza mzee wanangoja nini, kama hawangoji.

"Watu," alisema.

Machela hubebwa na wanaume wanne, mabegani. Palikuwa na mpwa. Palikuwa na mzee jirani ambaye fimbo yake ilionekana kila alipopita. Palikuwa na mtunza hekalu, mtu wa makamo. Hawakuwa na wa nne. Kijiji kizima, na ghorofa zake zote za mawe, kilikuwa kimetafutwa, na wa nne hakuwepo. Mwaka mmoja nyuma wangepiga ukelele tu kuelekea nyumba za udongo na vijana wangetoka.

Tulikaa tukitazama ua ule. Nje basi lilipita. Hakuna aliyegeuza kichwa. Kisha kwenye simu tukasikia breki, na mtu akaingia mbio, mwanamume mnene mwenye kilemba cha rangi ya waridi cha harusini, uso umelowa jasho. Binti aliweka mkono mdomoni. Alikuwa yule mwenye gari. Alikivua kilemba, akatafuta mahali pa kukiweka, mwishowe akampa mtoto mmoja wa kike. Akainama, akaingiza bega lake.

Mzee alikuwa amesimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya bega lake la kushoto, analishika, analibonyeza.

"Ile bega ya mimi, Mama," aliniambia. "Ile ya nne. Ya mimi."

Walipoondoka na machela, mzee naye alianza kutembea. Aliliinamisha bega na kutembea kutoka kwenye kiti kuelekea mlango wa jikoni, hatua ndogo ndogo, na binti yake akiwa amebeba simu pembeni yake. Nilikwenda nyuma yao. Binti aliniambia baadaye kwamba kwao wanawake huishia mlangoni, hawafuati maiti. Siku ile hakuna aliyetukataza. Tulizunguka meza ya kulia, tukapita sebuleni, tukarudi jikoni, mpaka kwenye simu wakafika walikokuwa wakienda, penye kuni za kumchomea, na mpwa, simu bado mkononi, akaigeuza kamera ikatazama chini.

Siku nyingi mzee alikaa amelipa dirisha mgongo. Nilimpikia, nikamnyoa, nikamkatia kucha. Binti aliahirisha tiketi ya ndege, kisha akaiahirisha tena.

Tarehe ya kipimo cha mwisho ilikuwa imeshapangwa, kwa hiyo tulikwenda. Daktari hakuwa na habari za msiba. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikujua nianzie wapi. Alisikiliza kifua, akatazama picha za moyo, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Alisema ameona wagonjwa wachache wa umri ule waliopona vizuri hivi.

"Leo haniulizi?" aliniambia kwa mzaha. "Mwambie jibu ni ndiyo. Mwambie anaweza kwenda nyumbani."

Nikamwambia mzee kwa Kiswahili. Nilisema kila neno kama lilivyosemwa, kwa sababu sikupata la kubadilisha.

Mzee alifunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Ambia yeye asante," alisema. "Ile ingine hapana ambia."

Nikamwambia daktari asante.